Hema la Mmoja, Chumba cha Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kulala Nje Uganda

Wanaouliza ni wa makundi mawili: dada anayetaka kulala hemani peke yake, na wapenzi wanaotafuta pa kujificha siku mbili tatu. Mara nyingi ni mtu yule yule, ila miezi imepita.

Mwanamke anaweza kupiga kambi peke yake Uganda na akapata usingizi?

Anaweza, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Sharti langu ni moja tu: lala mahali penye mwenyewe. Nasema kambi ambayo kuna mtu anajua jina lako, anajua hema lako liko upande gani na kesho unaelekea wapi. Habari za wanyama utaelezwa kwa dakika kumi ukazielewa. Kinachoamua kama umelala au umekesha ni nani yuko zamu usiku huo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, piga simu uulize: nani analinda usiku, na anazunguka au anakaa getini? Meneja analala hapo hapo? Choo kiko umbali gani kutoka pa kupiga hema, na njia ina taa? Kuna wanawake wanaofanya kazi hapo? Kambi inayoeleweka itakujibu bila kusitasita. Ukiambiwa tu "hakuna shida, nnyabo, hapa ni salama", endelea kutafuta.

Nianzie wapi?

Kama hujawahi kulala hemani peke yako, anza Jinja. Ni kama kilomita 80 kutoka Kampala, na kambi za kando ya Nile zimezoea wageni tangu enzi za malori ya watalii wanaovuka Afrika. Maporomoko ya Bujagali yenyewe yalifunikwa na maji ya bwawa mwaka 2011, lakini kambi zilibaki na wanaoshuka mto kwa boti za mpira bado wapo. Hutakuwa peke yako hata ukitaka. Kelele za baa ndizo zitakazokukera, basi omba nafasi ya hema mbali na spika.

Baada ya Jinja, nenda Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, au Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, au Ziwa Nkuruba nje ya Fort Portal. Pale Nkuruba kambi ni ya jamii ya eneo lile: msitu mdogo, ziwa la kreta chini ya mteremko, na kima wanaokupokonya ndizi mkononi mchana kweupe. Sehemu zote tatu ukilala hutasikia simba wala kiboko, na wenyeji wanaoendesha kambi wako hapo hapo.

Hatua ya tatu ni Ziwa Mburo, hifadhi ya nyika iliyo karibu zaidi na Kampala. Hakuna tembo. Kuna pundamilia, swalapala, viboko na chui, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Ishasha, kusini mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, na Kidepo, kaskazini-mashariki kabisa, ni kuzuri mno, lakini mimi simshauri mtu aende kulala hemani huko akiwa mmoja, awe mwanamke au mwanamume. Gari likikwama matopeni Ishasha, wa kukusukuma ni nani?

Siwezi kupiga hema popote ninapopenda, porini?

Ndani ya hifadhi za taifa hapana. Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ina maeneo yake ya kambi na unalala humo tu. Nje ya hifadhi, pori unaloliona lina mwenyewe: huyu ana hati, yule ni ardhi ya ukoo, na Buganda kuna mailo ambapo mwenye ardhi na anayeilima ni watu wawili tofauti. Giza likikukuta kijijini, muulize mtu nyumba ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unaomba pa kulala usiku mmoja. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule, wa kanisa, au ua wa nyumba yake mwenyewe. Ua wa nyumba ndio bora. Na asubuhi usiondoke kimya kimya, rudi ushukuru, maana yule mwenyekiti amekesha akiwa na dhamana yako.

Kiboko akija karibu na hema nifanye nini?

Usifanye chochote. Tulia ndani, zima tochi, usifungue zipu kuchungulia.

Kiboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi kabla ya jua kupanda. Kwenye kambi ya kando ya maji ya Mburo, au Paraa kule Murchison, au Mweya kule Queen Elizabeth, huyu ni mgeni wa kila siku. Utamsikia kabla hujamwona: majani yanakatwa kwa mikwaruzo mizito, kreee, kimya, kreee, kisha pumzi ndefu ya puani, na wewe umelala chini umbali wa hatua chache ukihesabu mapigo ya moyo. Hema lililofungwa analizunguka. Anayeumizwa na kiboko kwa kawaida ni mtu aliyekuwa anatembea gizani, akajikuta kati yake na maji.

Kwa hiyo usipige hema kwenye njia yake. Njia ya kiboko inaonekana: majani yamelala, kuna mifereji miwili sambamba na tuta katikati, inateremka moja kwa moja hadi ziwani. Muulize askari akuonyeshe. Na chakula kisilale hemani. Pale Paraa ngiri wamejifunza kwamba hema lenye harufu ya karanga linapasuka kirahisi, na nyani hawahitaji kufundishwa.

Na haja ndogo saa nane usiku?

Swali hili huja kwa kunong'onezwa, na ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowatoa watu nje. Beba kopo pana lenye mfuniko wa kufunga, au ndoo ndogo ya rangi. Unachutama humo humo ndani, unafunga, asubuhi unamwaga chooni. Hakuna aibu. Ukiwa mwezini, weka pedi zilizotumika kwenye mfuko usiopitisha harufu na uondoke nao. Usizizike, mbwa na fisi watazifukua.

Watu wakiniuliza "uko peke yako?" nijibu nini?

Watauliza sana: boda, muuza nanasi, hata bibi wa kanisani anayekuonea huruma tu. Kwa mwenye nia njema na mwenye nia mbaya jibu liwe moja, fupi na la kuchangamka: "Wenzangu wanakuja nyuma." Usitaje kambi unayolala, usitaje siku unayoondoka, na picha za mahali ulipo zitume mitandaoni ukishahama.

Kuna wanaovaa pete ya uongo, na wanaoweka buti kubwa za kiume mlangoni pa hema. Buti zinasaidia kidogo. Mimi naamini zaidi katika jikoni. Ukifika, nenda kamsalimie mpishi, kaa hapo wakati anamenya matoke, muulize watoto wake. Kufikia magharibi mpishi, mfagizi na askari wote wanajua kuna dada mmoja hema la kijani, na mtu akizungukazunguka hapo ataulizwa anatafuta nini. Siku ya kuondoka mwachie kitu kidogo.

Mwongozaji wa boti au wa kupanda mlima akianza maneno ya mapenzi, sema hapana mara moja bila tabasamu la kulainisha, kisha umweleze meneja siku hiyo hiyo. Kambi nyingi ndogo zinaishi kwa sifa. Zitalishughulikia.

Na pombe? Kunywa ukitaka, lakini glasi yako uishike mwenyewe, na chupa ifunguliwe mbele yako.

Kiswahili changu kitanifikisha?

Inategemea uko wapi. Busia, Malaba, kaskazini, West Nile na Kasese utaongea vizuri tu. Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 serikali ilipitisha kifundishwe shuleni. Lakini Kampala na Buganda wapo wazee ambao Kiswahili kinawakumbusha askari wa zamani, wenye bunduki na amri. Anza na Kiganda, "Oli otya, ssebo" (hujambo, bwana) au "nnyabo" (bibi), halafu chomekea Kiswahili chako polepole. Bei itashuka pia.

Nikidhulumiwa au nikishambuliwa, nani wa kwanza?

Polisi ni 999 au 112. Lakini kwenye shambulio la kingono, hospitali kwanza, tena haraka. Dawa za PEP za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho kinafanya kazi vizuri kinapowahiwa. Usioge na usifue nguo kabla ya kupimwa, ingawa najua ndicho kitu cha kwanza mwili utakachotaka. Polisi hutumia fomu namba 3A kwa uchunguzi wa daktari, lakini matibabu yasisubiri fomu. Ukiweza, uwe na mtu wa kukushika mkono: meneja wa kambi, yule mpishi, mama wa nyumba ya jirani.

Radi, siafu, malaria: kipi cha kuogopa?

Malaria kwanza. Uganda ina malaria mwaka mzima, hivyo zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na hema lako liwe na chandarua kisicho na tundu. Homa yoyote, pima siku hiyo hiyo.

Radi ni jambo zito hapa kuliko wageni wanavyodhani. Mwaka 2020 iliua gorila wanne wa milimani kwa mpigo mmoja katika hifadhi ya Mgahinga. Usipige hema chini ya mti uliosimama peke yake wala juu ya kilele, hata kama mandhari yanakuita. Ngurumo zikikaribia, hamia kwenye jengo au gari.

Siafu hutembea zaidi mvua inapoanza. Ukiona mstari mweusi unakuja, usipigane nao, hamisha hema. Jivu la jikoni kuzunguka hema husaidia kiasi.

Kichocho kipo Ziwa Victoria na kwenye fukwe za Nile, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Bunyonyi watu huogelea bila wasiwasi huo, na hakuna kiboko wala mamba. Maji ni ya baridi tu.

Nibebe nini cha ziada?

Tochi ya kichwani na betri za akiba, filimbi shingoni, kufuli dogo la zipu, pawabenki, laini mbili za mitandao tofauti, pesa taslimu kidogo kidogo. Mitungi midogo ya gesi ya kupikia ni shida kuipata nje ya Kampala na ndege haikubali kuibeba, hivyo nunua sigiri ya makaa sokoni au kula rolex ya barabarani: chapati, mayai, nyanya na kabeji, unashiba hadi jioni. Bunyonyi na Sipi beba sweta nzito. Bunyonyi iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haisaidii kitu saa tisa usiku.

Nisafiri vipi kufika?

Mchana. Jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, basi panga ufike kambini saa kumi, uone choo, uone njia, upige hema ukiwa unaona kamba. Basi la usiku kwenda Kabale au Kitgum linaokoa gharama ya kulala, na mimi siliungi mkono, kwa ajili ya ajali zaidi ya wezi. Boda iitwe kwa programu ya simu pale zinapofanya kazi. Kwingine mwombe meneja akutumie anayemjua.

Mpakani wanataka nini?

Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wote: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko cha wageni wa mbali, lakini kitambulisho kiwe mkononi getini.

Uganda kuna mashamba ya mizabibu ya kwenda kulala na mpenzi wangu?

Hapana. Wapo wanaouliza wakiwa wameona picha za Stellenbosch kule Afrika Kusini, nyumba nyeupe katikati ya mizabibu, na wanadhani lazima na sisi tunayo mahali. Mzabibu unapenda ukame na majira yanayoeleweka. Kwetu mvua na unyevu vinaleta ukungu kabla zabibu hazijaiva. Afrika Mashariki anayetaka kulala karibu na mizabibu ya kweli aende Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Akitaka Stellenbosch yenyewe, aende kati ya Januari na Aprili wakati wa mavuno.

Lakini kile watu wanachokitafuta kwenye mizabibu, yaani vilima, kimya, kinywaji cha hapo hapo na kibaraza cha kutazamia jua likizama, Uganda kipo. Sema kinywaji kinabadilika.

Sasa twende wapi sisi wawili?

Fort Portal, kama kilomita 300 kutoka Kampala, ndiyo chaguo langu la kwanza. Chai imepandwa hadi inapopotea kwenye upeo, na katikati ya vilima kuna maziwa ya kreta, mengine ya kijani, mengine meusi kabisa. Ziwa Nyinambuga limechapishwa kwenye noti ya shilingi 20,000, unaweza kulishika mkononi ukiwa unalitazama. Zipo loji za gharama kubwa ukingoni, na zipo banda za wenyeji umbali mfupi tu zenye mandhari karibu yale yale. Mkiwa na nguvu, sokwe wa Kibale wako jirani.

Sipi ni kwa wanaopenda kahawa. Mnapelekwa shambani kwa mkulima wa arabika, mnachuma, mnatwanga kwenye kinu kwa zamu, mnapepeta, mnakaanga juu ya moto wa kuni mpaka punje zinaanza kulia pa, pa. Halafu mnakunywa mlichokitwanga. Nimeona wapenzi walionuniana garini wakacheka kwenye kinu kile. Maporomoko ni matatu, kubwa likiwa na kimo kinachokaribia mita 100, na nyumba za wageni zinalitazama uso kwa uso.

Bunyonyi ina visiwa 29. Chagueni kisiwa chenye kambi, mkafike kwa mtumbwi wa gogo, mkachukue banda lisilo na ukuta upande wa ziwa. Mtumbwi ule bila uzoefu huzunguka duara pale pale, hivyo msijigambe mbele ya mwendesha mtumbwi wa kijiji.

Ssese, ndani ya Victoria, ni kwa wanaotaka mchanga na samaki wa kuchoma. Pitieni Masaka, mchukue kivuko cha Bukakata hadi Luku, au meli kutoka Nakiwogo, Entebbe, ikiwa inafanya safari. Boti ndogo za mbao msipande bila jaketi za kujiokoa, hata kama mwenye boti anacheka.

Kile kisiwa kidogo chenye mti mmoja Bunyonyi ni cha nini?

Akampene. Zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa waliachwa pale wafe kwa njaa au kwa kuzama wakijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja awe mke wake. Waendesha boti huwaeleza wapenzi habari hii kati ya kisiwa cha chakula cha mchana na kisiwa cha kuogelea. Mkielezwa, sikilizeni hadi mwisho kabla ya kutoa simu za kujipiga picha.

Tutaulizwa cheti cha ndoa?

Si kawaida. Mtaandikisha vitambulisho basi. Kwa wapenzi wa jinsia moja hali ni nyingine kabisa: sheria ya mwaka 2023 ina kifungo cha maisha, na hilo lipimwe kabla ya kununua tiketi.

Na kinywaji cha hapo hapo ni kipi?

Tonto, ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchachushwa na mtama uliokaangwa, ndani ya mtumbwi wa mbao. Ina ukali wa kupendeza na haidumu, kwa hiyo hunywewa pale ilipotengenezwa. Mashariki, kwa Wateso, kuna ya ulezi: chungu kimoja katikati, maji ya moto yanaongezwa, kila mtu na mrija wake mrefu. Wawili mkikaa chungu kimoja jioni nzima, hamhitaji divai. Kigezi, yaani upande wa Kabale, ulizeni bushera, nzito na ya kushibisha.

Waragi, pombe kali ya Uganda, wa chupa yenye nembo na kifuniko kizima, sawa. Wa jerikeni, hapana. Mwaka 2010 watu wengi walikufa wilayani Kabale kwa waragi uliotiwa methanoli, na methanoli huijui kwa ladha.

Fungate Queen Elizabeth, bado ni salama?

Oktoba 2023 wanandoa wageni waliokuwa kwenye fungate, pamoja na mwongozaji wao Mganda, waliuawa na waasi wa ADF ndani ya hifadhi hiyo. Baada ya hapo ulinzi uliongezwa na watalii wanaendelea kwenda. Kama mnakwenda, ulizeni hali kwa UWA wiki ile ile, msiendeshe jioni, na msiende njia za pembeni mkiwa gari moja. Kama mmoja wenu atakaa na hofu siku zote mbili, nendeni Mburo.

Msimu gani mzuri?

Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Kwa hema, fuata ukame. Kwa chumba chenye bati na blanketi mbili, wengine huvizia mvua makusudi, na bei huwa chini.

Nilipe kwanza au nikifika?

Loji nyingi hutaka sehemu ya malipo mapema. Hakikisha jina linalotokea kwenye pesa za simu linalingana na la kambi au la meneja uliyeongea naye, na ujumbe wa malipo uuhifadhi. Kwa kupiga hema tu, kambi nyingi ndogo hulipwa asubuhi ya kuondoka, na hazina chenji.